Nilimwambia Rukia Ahifadhi

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Mishi,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, na natumai barua hii itakukuta umeketi, si umesimama na mtoto begani, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Hali yako vipi? Mtoto ameshaota lile jino lililokuwa likimnyima raha? Na goti la Mama limepoa, au bado anajifanya haliumi mpaka anapotaka kuinuka? Baba mwambie nimeifikiria sana ile redio ya jirani aliyokuwa akihangaika nayo nilipoondoka, na nadhani ubovu uko kwenye waya wa spika, si kwenye betri.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, dada, inashikwa na nyumba nzima, na ujumbe wa sauti ukiufungua husikia na jirani. Na huku kwa Mjomba Athman chumba changu ni nusu ya chumba cha Rukia, binti yake. Walikikata kwa ubao nilipokuja. Nikikohoa, Rukia huniuliza kama nataka maji. Sasa jambo lenyewe ninalotaka kukwambia linamhusu Rukia, nitalisemaje kwa sauti?

Najua Mjomba alimpigia Mama simu Ijumaa jioni akanisifu. Najua pia Mama hakuuficha moyo wake, maana kufikia Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshapongezwa na watu watatu wa kwetu Kipini, mmoja wao hata simjui. Barua hii inahusu hizo sifa. Isome mpaka mwisho kabla hujamwita Mama.

Kwanza nikueleze kazi, kwa sababu Mama anadhani niko dukani nauza. Mjomba hufunga tivi kubwa na spika katika nyumba za watu. Nyumba za Kizingo, zile zenye bustani, huingia mwenyewe akamaliza. Za hapa Mji wa Kale ndizo zenye shida. Huku tivi kubwa huwekwa ghorofani, kwenye ukumbi wa wanawake, na kinachotazamwa zaidi ni video za kupamba. Unajua mwenyewe siku ya kupamba ilivyo: bibi harusi ametolewa, wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza. Video hiyo haitazamwi na mwanamume hata akiwa ndiye fundi. Basi zamani Mjomba alikuwa akifunga nyaya, anashuka, anakaa barazani, kisha anauliza kwa sauti kubwa, "Inasikika?" Na wao humjibu, "Inasikika!" hata kama haisikiki, kwa kuona haya. Wiki inayofuata anaitwa tena.

Nilipofika mimi, aliniambia nipande nikasikilize badala yake. Nyumba ya kwanza nilimwambia kuna kitu kinatetemeka nyuma ya spika ya kulia. Akasema hakuna. Kulikuwa na shilingi moja imeangukia ndani ya mbao. Tangu siku hiyo hakumaliza kazi bila kuniita, "Saumu, njoo sikiza."

Dada, wewe unanijua. Miaka minne ya sekondari sikuinua mkono hata mara moja. Mtu akiniuliza jina, jibu naviambia viatu vyangu. Kwa hiyo fikiria mtu mzima, fundi, anasimama na bisibisi mkononi mbele ya wenye nyumba, anasubiri mimi niseme. Nilikuwa naamka asubuhi kwa ajili ya maneno hayo.

Rukia tumelingana umri na tumemaliza shule pamoja, yeye kwa alama nzuri kuliko zangu. Akicheka watu hugeuka kumtazama. Huwaambia wateja maneno yanayowafanya wajione werevu. Mezani mimi hupakuliwa kwanza, kipande kizuri cha samaki, na Rukia hupakuliwa mwisho kile kilichobaki, na utacheka, lakini wivu wangu ulianzia hapo. Nilikuwa natamani kupakuliwa mwisho. Anayepakuliwa kwanza ni mgeni, na mgeni hakosi kwao pa kurudi.

Mjomba alishatuambia kwamba kazi hii ya kupanda ghorofani haina haja ya wasichana wawili. Angemchagua mmoja aishike moja kwa moja, na mwingine aangalie lake. Rukia lake analo, chuo kimemkubali hapa hapa kisiwani. Langu mimi ni basi la kurudi Kipini. Sipadharau kwetu, dada, lakini nikirudi nitafanya nini na masikio yangu?

Sasa sikia. Kuna mama mmoja mtaani, Bi Rahma, aliyemuoza binti yake majuzi. Mwanawe wa kiume aliye Dubai akamletea risiva mpya na spika zake saba. Risiva ni lile sanduku linalopokea sauti kutoka kwenye tivi na kuigawanya kwa spika. Ile ya Bi Rahma huja na maiki ndogo kama tunda la kungu. Unaiweka mahali pa kukaa watu, watu wananyamaza, kila spika inapiga mluzi, fyuuup, maiki inasikiliza, unaisogeza mahali pengine, mpaka mara nane. Kisha sanduku lenyewe linaamua chumba kile kinahitaji nini, sauti gani ipandishwe na ipi ishushwe. Mwisho linakuuliza kama uhifadhi lilichopanga au usihifadhi.

Mjomba aliizungusha ile maiki kiganjani akafurahi kama mtoto. "Masikio yake inayo yenyewe," akasema. Kisha akampa Rukia, kwa sababu inataka simu nzuri ya kuiongoza, na simu nzuri ni ya Rukia.

Dada, umewahi kukionea wivu kitu kisicho na roho? Mimi nilikionea. Nilikitazama kile kidude kwenye kiganja cha Rukia, na nilitamani kidondoke kwenye ngazi.

Tulikwenda Jumatano. Nyumba ya Bi Rahma ni ya zamani, ukumbi wa juu ni mrefu na mwembamba, kuta za mawe, boriti juu. Tulimkuta katika usafi mkubwa. Alijua mafundi wanakuja, na yeye ni mtu ambaye hata mafundi hawawezi kuingia kwake wakaona vumbi. Mapazia yote yameteremshwa yanafuliwa, magodoro ya chini yako darini, juu ya nyumba, yanapigwa jua, na zulia kubwa alikuwa akilikunja mwenyewe huku anahema. Rukia alikuwa kwenye tivi na nyaya, basi mimi nikamsaidia Bi Rahma kulibeba. Nililishika upande wangu mpaka darini, vumbi likaniingia puani, na niliporudi ukumbini nikapiga chafya. Dada, kuta zilinirudishia chafya yangu kama kuna msichana mwingine ndani ya chumba.

Nilisimama pale pale. Nikajua. Chumba kile kitupu kilikuwa kinapiga kelele, na maiki ingezisikia kelele zile ikadhani ndivyo kilivyo siku zote. Ingezipunguza zile sauti za juu, nyembamba. Halafu Ijumaa, wageni watakapokuja kutazama video, zulia litakuwa limerudi, na mapazia, na magodoro, na wanawake arubaini na mabuibui yao, na vitu hivyo vyote hunyonya sauti zile zile. Zitapunguzwa mara mbili. Nililijua hilo waziwazi kama ninavyojua jina la Mama.

Rukia kijiguu cha maiki alikisahau nyumbani. Akaisimamisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, chini yake kopo la maziwa, na Bi Rahma akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu kanunua mashine Dubai, tunaipandisha juu ya mbuzi!" Kisha tukanyamaza, spika zikapiga miluzi yake, mara nane, na kila mara kuta ziliirudisha, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni mikono nyuma.

Ilipokwisha Rukia alinigeukia. Simu mkononi, macho yake yanang'aa. "Inauliza. Saumu, nihifadhi?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Hakuna aliyemlazimisha. Ningeweza kusema, ngoja zulia lirudi. Ni maneno matatu. Badala yake nikafikiri, ikiharibika Ijumaa Mjomba ataona nani ana masikio.

"Hifadhi," nikamwambia.

Mjomba akapaza sauti kutoka barazani, "Saumu, umesikiza?"

"Nimesikiza, Mjomba. Tayari."

Ijumaa baada ya alasiri ukumbi ulijaa. Watu wameketi chini kwenye magodoro na mikeka, udi unafuka, halwa na kahawa zinazunguka. Mimi na Rukia tuliachwa karibu na tivi. Karibu kabisa na spika, juu ya kitanda chake, walikuwa wamemweka Nana Shamsa, mama yake Bi Rahma, bibi wa bibi harusi. Macho yake yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Siku ya kupamba alikuwa na homa kali, akalala chumbani na harusi ya mjukuu wake ikapita bila yeye. Na huyu ndiye aliyeongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, katika mtaa huu miaka mingi, akipiga pembe za nyati kwa kijiti mbele ya maarusi ambao leo wana wajukuu. Mkusanyiko ule wote ulikuwa kwa ajili yake. Bi Rahma alishaniambia hayo Jumatano, wakati nalibeba zulia. Hilo pia nilikuwa nalijua.

Video ikaanza. Ilikuwa kama watu wanaimba nyuma ya mlango. Besi, ile sauti nzito, inavuma, maneno hayashikiki.

Nana akainua mkono. "Rahma! Harusi hii mliifanyia ndani ya mtungi?"

"Nana, hizo ni spika mpya, zimetoka Dubai."

"Basi zirudi Dubai. Pembe zi wapi? Mimi nasikia watu wanapiga mito."

Watu wakacheka, lakini Bi Rahma hakucheka. Rukia alikuwa ameshapauka. Akaongeza sauti, mvumo ukazidi. Akatoa maiki kwenye mkoba. "Mama zangu, tafadhalini mtunyamazie dakika kumi tu, tuipime upya."

"Dakika kumi?" akasema mgeni mmoja mnene aliyekaa karibu na sinia la sambusa. "Mwanangu, sisi hata msibani hatunyamazi dakika kumi."

Nilimwacha. Nakwambia ukweli, dada, nilimwacha ahangaike mpaka kila mtu akaona kwamba hawezi. Ndipo nikamwambia polepole, "Nipe rimoti."

Nikazima kile ilichojipangia mashine. Nikaanza kuzipandisha sauti za juu kwa mkono, kidogo kidogo, nikiangalia chini ili nisiwaone watu wanavyonitazama. Nikapunguza besi. Mara pembe zikatoka, kavu, kama mtu anabisha hodi. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata yule wa sambusa.

"Ngojeni," akasema Nana Shamsa. Alikuwa ameinama mbele. "Huyo wa mwisho ni Zuhura. Mkono wake mzito toka utotoni." Akasikiliza tena. "Na huyo anayecheka?"

"Ndiye mjukuu wako, Nana. Bibi harusi mwenyewe."

"Si mliniambia alilia siku nzima kwa kunikosa? Mbona anacheka?"

Wakaangua kicheko wote, na Bi Rahma akajifunika uso kwa leso, na Nana naye akacheka huku machozi yakimtiririka. Watu wakanishika mikono, wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu, nilisema jina langu na wakalisikia.

Wageni walipoanza kutoka, Bi Rahma alisimama juu ya ngazi nyuma ya pazia akamwambia Mjomba aliye chini, "Athman, mtoto huyu wa dada yako ni dhahabu." Na Mjomba, njiani kurudi, alimgeukia Rukia mbele yangu. "Mashine ilikuwa inapima. Wewe ulikuwa unafanya nini? Akili yako umeitia ndani ya simu?"

Nikawa nasubiri. Jibu lilikuwa jepesi sana: Saumu ndiye aliyeniambia nihifadhi. Tena ni kweli.

"Nilikosea, Baba," akasema Rukia.

Basi. Mjomba akaniambia kuanzia leo kazi ya ghorofani ni yangu, akatoa simu papo hapo akampigia Mama. Nilisikia vigelegele vya Mama vikitoka kwenye simu, njia nzima ikasikia. Na mimi, dada, badala ya kufurahi, nilikuwa natembea nyuma ya Rukia nikiutazama mgongo wake, na nikamuonea wivu upya. Kumbe hata wema anao wa kunishinda.

Jumamosi asubuhi Mjomba alitutuma kwa Bi Rahma tukachukue ngazi na nyaya zilizobaki. Alisema tusiguse kitu, mpango wa Saumu ubaki vile vile. Yeye alibaki barazani kwetu. Ukumbi ulikuwa mtulivu, zulia limetandikwa, Nana kitandani na tasbihi yake. Rukia akatoa maiki.

"Nipe muda kidogo tu," akaniambia. "Sitabadilisha chochote. Nataka nijue nilikosea wapi."

Safari hii alikuja na kijiguu chake. Akaisimamisha, spika zikapiga miluzi, na kuta hazikurudisha kitu. Alipofika mahali pa nne alisimama, akatazama miguu yake. Akaukanyaga ule ulaini mara mbili, tatu.

"Zulia," akasema. "Jumatano hapakuwa na zulia."

Mimi nikainama kukusanya nyaya.

"Wewe ndiye uliyelibeba, Saumu." Kisha akanitazama. "Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Lakini uso wangu, kama unavyoujua, hauna ufundi huo. "Nilijua."

Akakaa chini kwenye zulia lile lile, maiki mapajani. "Ungenipiga kofi ningeelewa," akasema. "Nilikuuliza kwa sababu wewe ndiye unayesikia. Mimi sisikii tofauti, wajua? Spika zote kwangu ni spika. Baba akikuita wewe 'njoo sikiza', mimi huwa nashika ngazi tu."

Sikujua, dada. Wallahi sikujua kwamba na yeye huko upande wa pili wa ubao alikuwa na wivu wake.

"Mnanong'ona nini huko?" akauliza Nana. "Kama mmekuja, niwekeeni tena harusi yangu."

Rukia akamaliza vile vipimo vinne vilivyobaki. Kisha tukamwekea Nana kipande kile kile cha pembe mara mbili, bila kumwambia kitu. Ya kwanza ilikuwa ya mkono wangu. Ya pili ilikuwa ya mashine. Nilifumba macho nisikilize, na kabla Nana hajafungua kinywa nilishajua. Yangu ilikuwa kali kidogo, kama chai iliyochemka mno. Niliipanga kwa haraka, katika chumba kilichojaa watu, na nilitaka isikike kwamba nimefanya kitu. Ya mashine ilikuwa imetulia. Pembe zilikuwa mahali pake na waimbaji mahali pao, na ungeweza kumhesabu kila mmoja.

"Hii," akasema Nana. "Ile ya kwanza pia nilifurahi nayo jana. Lakini ilinitoboa sikio, sikusema kwa kuwa mlikuwa mmehangaika. Hii nitaweza kulala nayo."

Rukia alishika simu, kidole juu ya kioo. Hakuniuliza kwa mdomo. Alisubiri tu. Najua angekubali kama ningesema usihifadhi, ungebaki mpango wangu, Bi Rahma angeendelea kuniita dhahabu, na Nana angeendelea kutobolewa sikio kwa adabu. Nilichelewa kumjibu. Nilichelewa kwa kiasi ambacho sitaki kukwambia.

"Yako ndiyo nzuri," nikasema. "Ihifadhi."

Akahifadhi. Tulipofika kwenye ngazi alinishika mkono. "Usimwambie Baba habari za Jumatano. Atakurudisha kwenu. Mimi nimeshasahau." Unaona, dada? Huyo ndiye mtu niliyemfanyia vile. Nilitamani awe mbaya hata kidogo, nipumzike.

Tulimkuta Mjomba barazani kwetu anakunywa kahawa. Nikasimama mbele yake. "Mjomba, Jumatano nilijua."

"Ulijua nini?"

Nikamweleza, zulia, chafya, yote. Rukia akaingilia, "Mimi ndiye niliyeshika simu, Baba."

"Sikuuliza nani alishika simu." Akaweka kikombe chini. "Yule mama alikosa harusi kwa homa. Ulitaka aikose mara ya pili, kwa ajili ya nini?"

"Kwa wivu, Mjomba." Niliviambia viatu vyangu.

"Sema nisikie."

"Kwa wivu!"

Njia yetu ile ni nyembamba. Mwenye mkokoteni wa maji alikuwa anataka kupita, akasimama na mitungi yake kunitazama. Mjomba akamwambia, "Pita, bwana, hapa hapauzwi kitu." Yule akapita polepole kabisa, asikose neno.

Nilidhani Mjomba atanigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikiinua kikombe tena, akakimaliza, kisha akasema, "Basi nihukumie wewe. Kazi ya ghorofani nimpe nani?"

Mkaza mjomba, mama yake Rukia, husema mtu mwenye wivu hata njaa ya mwenzake huitamani. Pale nilielewa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jina langu mwenyewe. Nikalimeza. "Mpe Rukia," nikasema, na nikalia mbele ya baraza kama mtoto. Usije ukamwambia mtu nililia kwa kutubu. Nililia kwa sababu nilikuwa naitaka.

Mjomba hakunirudisha. Alisema nitabaki, nitabeba ngazi na kuchomelea nyaya, na nikiitwa kusikiliza nitasikiliza, lakini neno la mwisho litakuwa la Rukia. "Mpaka siku nitakayokuuliza swali," akasema, "nikaliamini jibu bila kupanda kuhakikisha." Hakusema ni lini. Bi Rahma naye Mjomba alimweleza mwenyewe leo asubuhi, na mimi nimepita mbele ya nyumba yake mara moja tangu hapo, mbio.

Sasa hivi Rukia yuko upande wa pili wa ubao anaimba, hajui naandika. Chuo amekiomba kimpangie masomo ya asubuhi tu, ili mchana afanye kazi. Bado namuonea wivu. Sitakudanganya kwamba umekwisha. Sauti yake ni nzuri pia.

Huyu mama anayekuletea barua ni jirani yetu, anakuja huko kumwona mwanawe. Mpe chai, ni mtu mwema. Nimemkabidhi na leso mbili, moja yako, moja ya Mama, na pakiti ya halwa ambayo Baba asipewe yote kwa siku moja. Mjomba na mkaza mjomba wanawasalimu sana. Nisalimie shangazi aliyenifunza kusuka, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na yule binti ami mdogo aliyelia kituoni, mwambie sijamsahau. Mtoto mbusu kwenye lile jino.

Na lile ninalokuomba ni hili. Mama usimsimulie kwa maneno yako, kwa kuwa utanihurumia na utapunguza. Mkalishe, msomee. Najua ameshawaambia wote kwamba bintiye amepewa kazi Mombasa, na sasa itambidi awaambie vingine, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kubeba ngazi. Akikwambia uache kusoma, usiache. Akinyamaza, mpe muda. Kisha niandikie alivyosema, hata kama ni maneno makali, yaandike kama alivyoyasema.

Mdogo wako anayekupenda,
Saumu